Barabara Moja, Namba Mbili: Tuhesabuje Maili?

Dereva anayeingia barabara ya kulipia ya Indiana pale Lake Station, jirani na mji wa Gary, na kuelekea mashariki, anaendesha juu ya namba mbili kwa wakati mmoja: I-80 na I-90 (herufi I ni ya Interstate, mtandao wa barabara kuu za Marekani zinazounganisha majimbo). Vibao vya maili vinampokea kwenye 21 na kumfikisha 157 mpakani mwa Ohio, kisha vinaanza upya kwenye sifuri na kufika 142 karibu na Elyria, ambako I-90 inaachana na mwenzake na kuelekea Cleveland. Maili 136 za Indiana na 142 za Ohio zinafanya maili 278, yaani kama kilomita 447 za lami moja yenye majina mawili.

Vitabu vya barabara za Marekani hutaja I-80, inayotoka San Francisco hadi Teaneck katika New Jersey, kuwa na urefu wa takriban maili 2,900, na I-90, inayotoka Seattle hadi Boston, kuwa na takriban maili 3,020. Takwimu zote mbili ni sahihi, na zote mbili zimebeba ndani yake maili zilezile 278. Anayezijumlisha anapata maili 5,920 za barabara, ilhali fundi anayetembea na gurudumu la kupimia asingepata zaidi ya 5,642. Hakuna aliyekosea kupima. Ni kwamba urefu wa namba na urefu wa barabara ni vipimo viwili tofauti, na mwenye kutengeneza jedwali lake hana budi kuamua mapema ni kipi anachokitafuta.

Ziko hesabu nne zinazotumika. Nitazipima moja baada ya nyingine, ingawa hazistahili nafasi sawa, kwa kuwa mbili kati yake ndizo zinazobeba kazi karibu yote.

Hesabu ya kwanza: kila namba ichukue urefu wake wote

Hapa kipande cha pamoja huhesabiwa kwa kila namba inayokipitia, na I-80 inabaki na maili zake 2,900 kama vile I-90 haikuwahi kukutana nayo. Hesabu hii ndiyo inayojibu swali la msafiri: nikiifuata namba hii kutoka mwanzo hadi mwisho, nitakwenda maili ngapi? Msafiri hajali kama lami aliyo juu yake ina jina la pili. Ndiyo pia hesabu inayostahili kutumika mtu anapolinganisha urefu wa namba moja na nyingine, kwa sababu namba iliyokatwa vipande kwa ajili ya jirani yake haiwezi kushindanishwa kwa haki na namba ambayo haikukatwa.

Ubora wake mwingine ni kwamba vibao vya barabarani, mara nyingi, huiunga mkono. Mfano mzuri uko Wisconsin. I-94 inapotoka mpaka wa Minnesota huhesabu maili zake hadi 147 karibu na Tomah, inapoungana na I-90. Kuanzia hapo vibao vinafuata hesabu ya I-90, ambayo wakati huo imefika 45, na vinaendelea hadi 138 kule Madison. Namba hizo mbili zinapoachana Madison, I-94 hairudi kwenye 148; inaendelea na 240. Toa 45 kwenye 138 upate 93, ongeza 147, nayo ni 240 kamili. Jimbo liliweka hesabu ya I-94 ikiwa hai chinichini kwa maili 93 ambazo hazikuonekana kwenye kibao chochote, na ndiyo maana namba za njia za kutokea, ambazo hufuata maili, zinafika 347 karibu na mpaka wa Illinois. Anayesoma kibao cha mwisho anapata urefu kamili wa I-94 katika jimbo hilo bila kufanya hesabu yoyote ya ziada.

Hata hivyo, vibao havistahili kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Karibu na Wytheville katika Virginia, I-77 na I-81 hutumia barabara moja kwa takriban maili 9, lakini zikiwa zimegeuziana migongo: anayekwenda kaskazini kwa I-77 yuko, kwa wakati huohuo, kusini kwa I-81. Vibao vya kipande hicho ni vya I-81, hivyo msafiri wa I-77 anayesonga mbele huona maili zikipungua badala ya kuongezeka. Programu au mtu anayekokotoa urefu wa I-77 kwa kutoa kibao cha mwanzo kwenye kibao cha mwisho atapata namba hasi hapo, na ikiwa hakuweka sharti la kuchukua tofauti bila alama, jumla yake itapungua mara mbili ya urefu wa kipande hicho: maili 9 ambazo hazikuongezwa, na nyingine 9 zilizotolewa.

Udhaifu mkuu wa hesabu ya kwanza, kwa vyovyote, ni kwamba matokeo yake hayajumlishiki. Kila safu ni kweli, jumla ya safu ni uongo. Watu huliona hilo kwa urahisi zinapokuwa namba mbili, lakini husahau wanapokuwa na jedwali la njia mia moja na kitufe cha kujumlisha kiko chini ya kidole.

Hesabu ya pili: kipande kiwe na mwenyewe mmoja

Hesabu hii inamteua mmiliki. Kanuni inayotumika sana ni ya ngazi: namba ya Interstate humshinda mwenye namba ya US (mfumo wa zamani zaidi wa barabara za kitaifa), naye humshinda mwenye namba ya jimbo; wakilingana ngazi, namba ndogo ndiyo inayochukua. Mwenye kushindwa hukatwa, na kumbukumbu zake huonyesha pengo.

California ndiyo mahali pa kuiona hesabu hii ikiwa sheria kamili. Sheria ya barabara ya jimbo hilo haiielezi Njia ya 1, ile maarufu ya kando ya bahari, kama mstari mmoja unaoendelea, bali kama vipande. Kipande kimoja kinaishia kwenye Njia ya 101, yenye namba ya US, karibu na El Rio. Kingine kinaanza kwenye 101 karibu na Las Cruces na kurudi kwenye 101 pale Pismo Beach. Kingine kinachomoka tena kutoka 101 katika San Luis Obispo na kufuata pwani. Katikati ya vipande hivyo dereva anaona lami ileile ikiendelea, lakini kisheria yuko juu ya 101 peke yake. Ndiyo sababu urefu unaozoeleka wa Njia ya 1, takriban maili 656, ni mfupi kuliko safari ambayo mtu angeifanya akiifuata tangu mwanzo hadi mwisho: maili za 101 zinazounganisha vipande hazimo. Anayepanga mafuta, hoteli na saa za kuendesha kwa kutegemea 656 amejipunja kabla hajawasha gari.

Kwa ofisi inayotunza kumbukumbu, hesabu hii ina thamani isiyopingika. Daraja likibomoka kwenye kipande cha pamoja, ripoti iwe moja na iwe na anwani moja. Ajali ikitokea, isiandikwe mara mbili kwenye takwimu za njia mbili. Maili zake pia hujumlishika bila kuzaa lami hewa. Kwa mwandishi wa takwimu wa jimbo, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Kwa watu wengine wote ninaitilia shaka, na sababu ni kanuni ya umiliki yenyewe. Chukua I-39, namba iliyokuja miaka mingi baada ya I-90 na kupachikwa juu yake kuanzia Portage, Wisconsin, hadi Rockford katika Illinois. Ukiitumia kanuni ya namba ndogo kama ilivyoandikwa, siku I-39 ilipowekewa vibao ilipaswa kumnyang'anya I-90 sehemu hiyo yote, na I-90 ikafupika kwa makumi ya maili bila koleo moja kugusa ardhi. Wakati huohuo vibao vya maili kati ya Portage na Madison vimeendelea kufuata I-90. Kanuni inamtaja mmiliki mmoja, vibao vinamtaja mwingine. Mtafiti anayefuatilia urefu wa njia kwa miaka 30 kwa kutumia hesabu hii atajikuta anaeleza mabadiliko yaliyotokea kwenye daftari tu.

Hesabu ya tatu: lami ihesabiwe mara moja

Hapa namba huwekwa kando kabisa. Barabara hukatwa katika vipande vidogo kutoka makutano hadi makutano, kila kipande hupimwa kwenye mstari wa katikati, na hujumlishwa mara moja tu hata kama kina namba tano juu yake. Takwimu za kitaifa za Marekani, kama ile ya mtandao wa Interstate kuwa na zaidi ya maili 48,000, zina maana pale tu zinapohesabiwa hivi.

Ili kuona kwa nini, mtu atazame Georgia. Katika jimbo hilo kila barabara ya US hubeba pia namba ya jimbo, na hata barabara za Interstate zina namba za jimbo zisizowekewa vibao: I-75 ni pia Njia ya Jimbo ya 401, na I-85 ni 403. Katikati ya Atlanta, I-75 na I-85 hukutana na kuwa barabara moja kwa zaidi ya maili 7. Kwa hiyo kila maili moja ya pale mjini iko kwenye madaftari mara nne. Anayejumlisha njia za Georgia kwa hesabu ya kwanza hatapata kosa la asilimia chache la kusameheka, kwa sababu barabara zote za US za jimbo zima zitakuwa zimeingia angalau mara mbili.

Wenye kuanza na orodha ya hesabu ya kwanza na kutaka kufika kwenye hesabu ya tatu hutumia njia ya kutoa: jumlisha namba zote, kisha ondoa vipande vya pamoja. Kwa namba mbili haina matatizo, na kwa I-80 na I-90 ilitosha kutoa 278 mara moja. Kwa namba tatu inahitaji uangalifu zaidi. Kati ya Portage, ambako vibao husoma 108, na Madison, kwenye 138, barabara moja ya maili 30 hubeba I-39, I-90 na I-94. Jumla ya kwanza imeihesabu mara tatu, yaani maili 90. Ukitoa kipande cha pamoja cha kila jozi (I-39 na I-90, I-39 na I-94, I-90 na I-94), umetoa 30 mara tatu, na barabara imepotea yote: unabaki na sifuri mahali ambapo malori yanapita usiku na mchana. Lazima urudishe 30 kwa ajili ya kipande kilichoshirikiwa na zote tatu. Kwa namba nne au tano mlolongo wa kutoa na kurudisha unazidi kuwa mrefu, na ushauri wangu ni kuuacha kabisa na kuanza upya na vipande vya barabara.

Kompyuta hurahisisha kazi hiyo, lakini ina mitego yake. Programu nyingi hutambua kwamba namba mbili ziko juu ya lami moja kwa kulinganisha alama za koordineti: kama alama mbili zinazofuatana kwenye njia ya kwanza zinafanana na alama mbili zinazofuatana kwenye njia ya pili, kipande kilicho kati yake ni kimoja. Kufanana huko lazima kuwe kamili. Alama ya makutano ikiwa imewekwa na mtu mmoja juu ya daraja na mwingine hatua chache pembeni, programu itaona barabara mbili zinazokwenda sambamba na kuzihesabu zote. Kwa wanaotumia data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kuna mtego wa pili: barabara yenye tuta katikati huchorwa kama mistari miwili, mmoja kwa kila upande. Ukijumlisha mistari yote unapata maradufu, na kosa hilo halihusiani na namba za njia hata kidogo, ingawa dalili zake zinafanana kabisa na za kuhesabu kipande cha pamoja mara mbili. Nimeona watu wakisaka namba za ziada kwa muda mrefu, kumbe walichohitaji ni kugawanya kwa mbili.

Udhaifu wa hesabu ya tatu ni upande wa pili wa ubora wake: haiwezi kusema I-90 ina urefu gani, kwa sababu haiijui I-90.

Hesabu ya nne: kugawana

Wapo wanaokigawa kipande cha pamoja sawasawa, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi. Jumla inatoka sahihi, na inaonekana ya haki. Tatizo ni kwamba urefu unaopatikana kwa kila namba hauwakilishi kitu chochote mtu anachoweza kukiendesha, kukipima wala kukitengeneza. Inaweza kufaa katika kugawa gharama kati ya bajeti mbili; nje ya hapo sioni kazi yake.

Zikiwekwa pamoja kwa mfano wa I-80 na I-90, hesabu hizo zinasomeka hivi, kwa maili na kwa makadirio:

| Hesabu | I-80 | I-90 | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kila namba na urefu wake wote | 2,900 | 3,020 | 5,920 (isitumike) |
| Mmiliki ni I-80 | 2,900 | 2,742 | 5,642 |
| Mmiliki ni I-90 | 2,622 | 3,020 | 5,642 |
| Lami mara moja | – | – | 5,642 |
| Kugawana nusu | 2,761 | 2,881 | 5,642 |

Jedwali hilo lafaa kutazamwa kwa makini kwenye safu ya I-90. Barabara ni ileile, lakini urefu wake unatoka 2,742 hadi 3,020 kutegemea nani aliyeshika kalamu. Safu ya jumla, kwa upande wake, imetulia kwenye 5,642 kila mahali isipokuwa kwenye mstari wa kwanza. Anayekutana na takwimu mbili zinazopingana kuhusu njia moja asikimbilie kumtuhumu mpimaji. Atafute kwanza urefu wa vipande vya pamoja, na mara nyingi atakuta tofauti ni huo.

Nani achague ipi

Msafiri na mwandishi wa mwongozo wa safari wachukue hesabu ya kwanza, na wanapotumia takwimu za jimbo kama California wahakikishe mapengo yamejazwa. Mtafiti wa mtandao wa barabara, na yeyote anayezungumzia msongamano wa barabara kwa eneo au gharama za matengenezo, achukue ya tatu. Ofisi za kumbukumbu zina ya pili, na mara nyingi sheria imekwisha kuwaamulia.

Wapo pia watu, Marekani hasa, wanaojiwekea lengo la kupita kila barabara kuu na kuandika walichokamilisha. Kwao hakuna hesabu moja inayotosha. Aliyeendesha kutoka Lake Station hadi Elyria amekamilisha maili 278 za I-80 na maili 278 za I-90, na ni haki yake kuziandika kwenye njia zote mbili. Lakini kwenye mstari wa maili zote alizowahi kupita, ziingie 278 tu. Daftari la namna hiyo liwe na safu mbili tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kurudia upya kila kitu.

Kwa madereva wa malori, na kati yao wako wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, jambo ni tofauti kidogo. Ripoti ya kodi ya mafuta ya kila robo mwaka, chini ya makubaliano yanayounganisha majimbo 48 ya Marekani na majimbo 10 ya Kanada, inataka maili zilizoendeshwa ndani ya kila jimbo. Haiulizi namba ya njia. Aliyepita kipande kile cha pamoja mara moja anaandika 136 kwa Indiana na 142 kwa Ohio, akiongeza maili nyingine alizotembea katika majimbo hayo. Akirudi kwa barabara hiyohiyo anaandika tena, kwa kuwa magurudumu yamezunguka tena. Kanuni ya kuhesabu lami mara moja ni ya barabara, si ya safari, na kuichanganya hapa humfanya mtu aripoti nusu ya mwendo wake. Odomita ya gari na alama za mipaka ya majimbo zinatosha kuzipata maili hizo. Orodha za urefu wa njia zibaki nyumbani.

Hata huku kwetu hesabu hizi zinahitajika. Barabara ya Mombasa na ile ya Namanga hukutana Athi River na kuingia Nairobi zikiwa moja kwa kama kilomita 30. Anayeandika kwamba Mombasa iko takriban kilomita 480 kutoka Nairobi na Namanga takriban 160 amefanya vyema kuziweka kilomita hizo 30 katika takwimu zote mbili, kwa sababu abiria wa kila basi atazipita. Mkandarasi anayepewa zabuni ya kuziwekea lami mpya barabara zote mbili, akijumlisha 480 na 160, atakuwa ameomba lami ya kilomita 30 ambazo hazipo.